Besigye na Sudan Vinanihusu Nini na Bonasi Yangu Imeshuka?

Swali limetoka kwa mzee mmoja mkulima wa chai upande wa Kericho, nimelifupisha kidogo tu: "Wakili, wewe na wenzako waliberali kila siku ni Besigye, ni Lissu, ni Sudan, ni Trump. Mimi bonasi yangu imeshuka, na kijana wangu yuko chuo Nairobi, siku za maandamano silali. Hizo siasa za nje zinanisaidia nini? Kwani za hapa zimeisha? Na huyu kijana nimwambie nini?"

Mzee wangu, pokea salamu. Swali lako ni la haki na sitalijibu kwa maneno ya semina. Wacha nianze na bonasi, yale malipo ya chai ya mwisho wa mwaka, kwa sababu hapo ndipo umeumia.

Majani yako yakitoka kiwandani yanaenda mnada wa Mombasa, na pale wanaonunua si Wakenya wenzako, ni Pakistan, ni Misri, ni Uingereza, na kwa miaka mingi Sudan nayo imekuwa kati ya wanunuzi wakubwa, Msudani na chai yake huwezi kumtenganisha. Sasa Februari 18, 2025 pale ukumbi wa mikutano wa KICC Nairobi wakakaribishwa RSF, hili jeshi la Hemedti linalopigana na jeshi la serikali ya Sudan tangu Aprili 2023, wakakaa siku kadhaa na kabla mwezi kuisha wakasaini hati ya kuunda serikali yao sambamba. Hao ni watu ambao Marekani ilikuwa imetangaza mwezi mmoja tu kabla kwamba wamefanya mauaji ya kimbari kule Darfur, na Hemedti mwenyewe akawekewa vikwazo. Sudan ikamwita balozi wake arudi nyumbani, na Machi ikapiga marufuku bidhaa zote kutoka Kenya, chai ikiwa ya kwanza. Kontena zikakwama, madalali wakaanza kutafuta pa kuipeleka, na soko likawa limepungukiwa mnunuzi mmoja mkubwa ghafla hivo.

Sisemi Sudan peke yake ndiyo imekula bonasi yako, anayekuambia hivo anataka kura yako. Kuna mambo mengine mazito. Shilingi ilikuwa karibu 160 kwa dola mwanzo wa 2024, alafu ikarudi mpaka kama 129 na ikakaa hapo, na wewe unauza kwa dola kwa hivyo kila dola ya chai ikaanza kukuletea shilingi chache. Kuna ile bei ya chini ya mnada iliyowekwa 2021, dola 2.43 kwa kilo, ambayo nia yake ilikuwa nzuri lakini ikafanya chai nyingi ikae godauni bila mnunuzi. Kuna ubora, kuna gharama za viwanda, na kuna maswali ya KTDA, shirika linalosimamia viwanda vya wakulima wadogo, ambayo nyinyi wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa mmeyauliza kwa uchungu mwaka huo wa 2025 na mko sawa kuyauliza. Lakini katika hayo yote, hili la Sudan ndilo lilikuwa la kuchagua. Hakuna aliyetulazimisha. Mtu aliamua ukumbi wetu wa mikutano utumike na kundi lile, hakuna kura ya Bunge iliyopigwa kabla, na mbunge wako hakukuja kwenye kituo cha kununulia majani kuwauliza nyinyi mnaonaje tukipoteza soko.

Na wakati huo huo nchi ilikuwa inachukua mkopo wa dola bilioni 1.5 kutoka Falme za Kiarabu kwa riba ya asilimia 8.25, hao hao ambao wamelaumiwa mara nyingi kwamba wanawapa RSF silaha, nao wanakana. Sisemi mkopo ndio ulinunua mkutano. Nasema nchi yenye deni kama letu inapoamua ni nani wa kumkaribisha na nani wa kumnyamazia, wenye nchi wana haki ya kuona karatasi zote mezani, manake mkopo utaulipa wewe, na soko likifungwa ni wewe unafungiwa. Oktoba 2025 RSF waliingia El Fasher baada ya kuuzingira mji zaidi ya mwaka mmoja, na watu wakauawa mpaka ndani ya hospitali ya wazazi. Kila nikiona picha za pale nakumbuka ule ukumbi wetu na naona aibu kama Mkenya, na hiyo aibu nayo ni sehemu ya jibu langu kwako, sio pesa tu.

Haya sasa tuje kwa Besigye.

Novemba 16, 2024 Kizza Besigye, mpinzani wa miaka mingi wa Rais Museveni wa Uganda, alikuwa Nairobi, amekuja kwa uzinduzi wa kitabu cha wakili na mwanasiasa wetu Martha Karua, akachukuliwa yeye na mwenzake Obeid Lutale, na siku nne baadaye tukawaona Kampala mbele ya mahakama ya kijeshi. Hakupita mbele ya hakimu yeyote wa Kenya, wala hatukusikia hati yoyote ya kumrudisha kwao. Serikali yetu ikasema haikuhusika, waziri wa habari wa Uganda akasema Kenya ilijua. Mwezi mmoja kabla, Oktoba 2024, Waturuki wanne waliosajiliwa kama wakimbizi walitekwa mchana kweupe Nairobi wakapelekwa Uturuki, na hapo Wizara ya Mambo ya Nje haikukana, ilitoa taarifa kwamba imekubali ombi la Uturuki kwa sababu ya uhusiano mzuri wa nchi mbili. Na Julai, wanachama 36 wa FDC, chama cha upinzani cha Uganda, walikamatwa Kisumu wakavushwa mpaka na kushtakiwa kwa ugaidi.

Ukiniuliza hayo yanamhusu nini mtu wa Kericho, nitakuomba uangalie sheria yenyewe inasema nini. Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa kila mtu aliyekamatwa haki ya kuambiwa sababu, ya kuongea na wakili, na ya kufikishwa kortini ndani ya saa 24. Haikuulizi kitambulisho cha nchi gani. Hilo halikuwa kosa la walioiandika Katiba, na sisi tuliopigia kura Katiba Agosti 4, 2010, asilimia 67 yetu tukasema ndio, tulijua Nyayo House, lile jengo la mateso enzi za Moi, ilikuwa nini na watu walitolewaje majumbani usiku miaka ya themanini. Tukaamua kwamba mtu akishikwa, yeyote yule, lazima kuwe na mlango wa korti kati yake na aliyemshika. Ukishaondoa huo mlango kwa mgeni, umeondoa mlango, hakuna mwingine pembeni uliotengenezewa wenyeji. Maafisa ni wale wale, gari ni zile zile zisizo na nambari, na tabia ikishazoeleka haichagui pasipoti.

Na hii si nadharia yangu, tumeiona ikikua. Februari 1999 Abdullah Öcalan, kiongozi wa Wakurdi wa PKK, alichukuliwa Nairobi akiwa ametoka kwa balozi wa Ugiriki, akapelekwa Uturuki. Wengi wetu tulisema huyo ni wao kwa wao. Mwanzo wa 2007 watu kadhaa waliokimbia vita vya Somalia walishikwa hapa wakasafirishwa Somalia kisha Ethiopia, na ndani yao kulikuwa na Wakenya, lakini walikuwa Waislamu na neno lililotumika lilikuwa ugaidi kwa hivyo nchi ilinyamaza. Baada ya mabomu ya Kampala ya Julai 2010 Wakenya kadhaa wakapelekwa Uganda bila kesi ya kuwarudisha kusikizwa hapa kama sheria inavyotaka, na Al-Amin Kimathi, mtetezi wa haki aliyekwenda Kampala kufuatilia hiyo kesi, naye akashikwa na kukaa ndani mwaka mzima. Juni 2021 ikawa zamu ya Nnamdi Kanu wa Nigeria, aliyetaka Biafra ijitenge. Hizi kesi zote zilikuja na maelezo ya kwamba huyu ni mtu mbaya, nchi rafiki inamtaka, usijali. Baadhi yao sina haja ya kuwatetea siasa zao hata kidogo, Kanu aliongea maneno mabaya sana kwenye redio yake. Mtu mbaya pia anapelekwa kortini. Hapo ndipo mimi kama mliberali sitikisiki, na kama hilo linaniondolea marafiki basi waende.

Alafu ikaja Juni 2024. Unakumbuka wewe mwenyewe, Mswada wa Fedha wa kuongeza kodi, vijana barabarani, na Juni 25 watu wakapigwa risasi nje ya Bunge. Siku hiyo hiyo, tarehe hiyo hiyo, kikosi cha kwanza cha polisi wetu kilikuwa kinashuka Port-au-Prince kule Haiti kwenda kuleta usalama, safari ambayo Mahakama Kuu ilikuwa imeisimamisha Januari kwa sababu hakukuwa na makubaliano ya kisheria na Haiti, na serikali ikasaini makubaliano Machi na waziri mkuu ambaye nchi yake ilikuwa inamponyoka mkononi. Mwezi mmoja kabla Rais wetu alikuwa amepokewa kwa heshima zote Washington, ziara ya kiserikali ya kwanza kwa kiongozi wa Afrika tangu 2008, na jina la mshirika mkuu wa Marekani nje ya NATO tukapewa. Mimi nina marafiki wengi wanaompenda Biden na kuna mambo nilimpenda, lakini kile chakula cha Mei kilitupa ujumbe mbaya sana, kwamba ukifanya kazi ya nje vizuri ya ndani hayaangaliwi. Na hayakuangaliwa. Tume ya haki za binadamu, KNCHR, ilihesabu watu zaidi ya 60 waliokufa, na kufika mwisho wa Desemba ilikuwa imeandikisha visa 82 vya kutekwa tangu Juni, 29 kati ya hao walikuwa bado hawajulikani walipo. Polisi wakasema si wao. Siku hizo hizo Rais akiwa Homa Bay akaahidi kwamba utekaji utakomeshwa. Sasa mzee wangu weka hizo mbili pamoja utafakari.

Kwa hivyo unaposema nirudi kwa siasa za hapa, nakuambia sijawahi kutoka. Mwaka huo wa 2024 Wakenya walikuwa wanatekwa na wageni walikuwa wanatekwa, miezi ile ile, mji ule ule, kwa mtindo ule ule. Januari 12, 2025 Maria Sarungi Tsehai, Mtanzania anayeishi hapa, akatekwa Nairobi akaachiliwa usiku huo baada ya kelele nyingi kupigwa. Zile kelele ambazo watu wananiambia hazisaidii.

Kuna jibu ambalo watu wa serikali hunipa na nalichukua kwa uzito. Wanasema Uganda ndiyo soko letu kubwa kuliko lote, Uturuki ni mshirika wa biashara na ulinzi, nchi haiwezi kugombana na majirani kwa sababu ya mwanasiasa mmoja. Ni kweli tunauza Uganda sana, na mimi sitaki tugombane na yeyote. Lakini kumpeleka mtu kortini si kugombana. Unamwambia jirani, sawa, leta ombi, leta ushahidi, jaji wetu atasikiza, na kama sheria inaruhusu utampata. Nchi zinazoheshimika hufanya hivo kila siku na bado zinauziana vitu. Na hiyo hesabu ya faida mbona haiweki upande wa pili, kwamba ukishafanya hivo umeuza sauti yako?

Mei 2025 Tundu Lissu, kiongozi wa upinzani Tanzania, akiwa na kesi ya uhaini Dar es Salaam, Wakenya wakaenda kuisikiliza. Martha Karua akarudishwa kutoka uwanja wa ndege. Willy Mutunga, Jaji Mkuu wetu mstaafu, mtu aliyeongoza Mahakama ya Juu ya nchi hii, akazuiliwa akarudishwa. Wanaharakati Boniface Mwangi wetu na Agather Atuhaire wa Uganda wakashikwa, na baada ya siku kadhaa Mwangi akatupwa Ukunda na Agather mpakani Mutukula, na wote wawili wameeleza hadharani mateso waliyofanyiwa, mambo ambayo siwezi kuyarudia hapa bila mkono kutetemeka. Wizara yetu ilitoa taarifa kulalamika kwamba imenyimwa nafasi ya kumwona raia wake. Kisheria ilikuwa sawa kabisa! Lakini miezi sita kabla Besigye alitolewa katikati ya Nairobi, sasa utamwambia nini Mtanzania? Oktoba ikawa wanaharakati wetu Bob Njagi na Nicholas Oyoo, wametekwa Uganda wakiwa kwenye kampeni na Bobi Wine, mpinzani wa Museveni, wakakaa siku 38 mpaka Novemba 8, na Museveni mwenyewe akakiri kwamba walikuwa mikononi mwa serikali yake. Wazazi wao ni watu kama wewe. Na Oktoba 29 Tanzania ilipopiga kura, wapinzani wakuu wakiwa ndani au wameondolewa, intaneti ikazimwa, risasi zikalia, na Rais Samia akatangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98, Nairobi haikuwa na maneno ya maana ya kumwambia. Jumuiya nzima ya Afrika Mashariki imekuwa kama marais wanashikiana watu, na hakuna anayeweza kumkemea mwenzake.

Inauma zaidi kwa sababu sheria tunayo. Novemba 2005 Uganda, majaji walipowapa dhamana washtakiwa wenzake Besigye, watu wenye silaha waliovaa nyeusi wakazingira Mahakama Kuu. Hao washtakiwa walikwenda Arusha kwa mahakama ya Jumuiya, kesi ya Katabazi, na 2007 mahakama ikasema wazi kwamba Uganda imevunja utawala wa sheria na kwa hivyo imevunja mkataba wa Jumuiya. Hukumu nzuri sana, mimi huwaambia mawakili vijana waisome yote. Na Januari 31, 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda nayo ikasema mahakama ya kijeshi haina ruhusa kushtaki raia. Kesi ya Besigye ikahamishwa korti ya kiraia, ikawa uhaini, na Mei Bunge la Uganda likapitisha sheria ya kurudisha raia kwenye mahakama ya kijeshi, Museveni akasaini Juni. Majaji wanajitahidi, wengine wanahatarisha kazi zao, alafu wanasiasa wanabadilisha sheria usiku.

Umenitajia Trump pia, nitasema kwa ufupi. Machi 2025 serikali yake iliwapakia Wavenezuela zaidi ya 200 kwenye ndege ikawapeleka jela ya El Salvador, wengi wao kwa kutumia sheria ya vita ya 1798, bila hata kuwapa nafasi ya kusema "mimi siye". Mmoja wa waliopelekwa siku hiyo, Kilmar Abrego Garcia wa El Salvador, korti ilikuwa imekataza asirudishwe huko na serikali yenyewe ikakubali kortini kwamba ni makosa. Baadaye wakaanza kuwapeleka watu nchi ambazo hawajawahi kuziona, Eswatini, Sudan Kusini, Rwanda ikakubali kupokea mpaka 250, Uganda ikasaini makubaliano yake. Kwa hivyo ule mchezo wa kupeana watu kama mizigo sasa una baraka za taifa kubwa, na marais wetu wakiulizwa wana pa kuelekeza kidole. Ndiyo maana nafuatilia korti za kule. Jaji wa Washington akikataa, hoja yake wakili wa Nairobi anaweza kuisoma mbele ya jaji wetu wiki ijayo, na tumefanya hivo.

Na wale wanaokuambia haya ni mawazo ya wazungu, waulize waliokwenda Kamukunji Saba Saba 1990 kudai vyama vingi walikuwa wametumwa na mzungu gani.

Sasa kijana wako, ambaye najua ndiye swali lenyewe. Mimi siwezi kukuambia umzuie, kifungu cha 37 kinampa haki ya kuandamana kwa amani bila silaha, na ni mtu mzima. Lakini Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu, alitolewa kwao Homa Bay akiwa mzima akafia mikononi mwa polisi Nairobi kwa sababu ya maneno ya mtandaoni, kwa hivyo hata kijana ambaye haendi barabarani anahitaji kujipanga. Mwambie asitembee peke yake siku hizo. Awe ameandika namba yako na ya wakili mmoja mahali ambapo si kwenye simu, manake simu ndiyo inachukuliwa kwanza. Watu wawili wajue anakokwenda na saa ya kurudi. Akishikwa, apige kelele jina lake lote na kituo anachoambiwa anapelekwa, ili walio karibu wasikie na kurekodi, na asiandike taarifa yoyote kabla ya kuongea na wakili, hiyo ni haki yake. Wewe ukipata habari, usiende mbio kutafuta mtu mkubwa wa kukusaidia kwanza. Nenda kituoni ama tuma jamaa aliye Nairobi, ulize OCS, yaani mkuu wa kituo, omba namba ya OB, ile ya kitabu cha matukio. Wakikataa kwamba yuko, andika jina la aliyekujibu na saa. Ripoti Chama cha Mawakili, ripoti KNCHR na IPOA, mamlaka inayochunguza polisi, siku hiyo hiyo, sio kesho. Na wakili asingoje saa 24 ziishe kama kituo kinakana, aende Mahakama Kuu na ombi la kutaka aletwe mbele ya jaji akiwa hai au maiti. Hilo ombi ni kati ya haki nne tu ambazo Katiba, kifungu cha 25, inasema haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote. Jaji anaweza kumwita Inspekta Jenerali mwenyewe aje ajibu, na limefanyika, na kuna vijana walioachiliwa usiku wa kuamkia siku ya kesi.

Mbunge wako naye akija kwa bonasi ya mwaka ujao, muulize swali moja la ziada: alikuwa wapi Machi 2025 Sudan ilipofunga, na ameuliza nini Bungeni.